Kokwa Tisa Tulizozitia Mfukoni

Nakumbuka Ijumaa moja kule Doha, mwanangu, miaka ile kabla njia ya treni ya chini ya ardhi haijachimbwa, tulipokusanyika mtaa wa Najma, katika chumba cha juu ya duka la fundi cherehani, kumchagua mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili. Nilikuwa mpishi wa hoteli moja huko Al Sadd, na damu ilikuwa bado yanichemka.

Wengi wetu kusoma kulitupita kando, mimi wa kwanza, basi kura yetu ilikuwa kokwa. Kila mtu hupewa tende moja, akaila, akapita nyuma ya pazia na kuitumbukiza kokwa katika birika la amtakaye. Mwaka ule birika moja la Mzee Sefu, dereva. La pili la Rashidi, msimamizi wa walinzi.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa kubembeleza. Akienda kwa kafili, yule mwajiri anayekushikia pasi na kibali chako cha kutoka nchini, huanza na salamu ndefu, hoja ikaja mwisho, tena kwa sauti ndogo. Rashidi alikuwa mtu wa makafili hasa. Mfanyakazi akitoroka, yeye ndiye ampigiaye simu kafili, mwenye nyumba aliyotoroka.

Sisi tulikuwa na kundi letu, watu tisa. Nawakumbuka wote: Odhiambo mlinzi, ndiye kiongozi, Nakato, Fatuma Chande, Kibwana, Wanjiru, Tatu wa Makunduchi, Juma Mrefu, Okello, na mimi. Tulitaka kila mtu ashike pasi yake, na tajiri asiwe na neno juu ya safari ya mtu. Hata leo nasema tulitaka jambo la haki.

Sasa chumbani kwangu alikuwa amejificha Mwanahawa binti Salim, aliyekimbia kazi za nyumbani. Mama yake alikuwa taabani Pangani, na kafili amekataa kumpa kibali. Mzee Sefu aliwahi kuiendeshea gari familia ya kafili huyo. Akaahidi kwamba akipata uenyekiti ataingia kwao na barua ya jumuiya. Bila cheo, alisema, hata geti hawamfungulii.

Asubuhi ile Mwanahawa akaniambia, "Da Asha, mpeni Mzee Sefu leo, kesho mkamtukane mtakavyo. Mama yangu hanisubiri."

Nikampelekea Odhiambo neno lile pale ngazini. Akacheka.

"Mama, hao wawili ni sahani na kawa yake. Ukimpa kura mtu wa kuomba, umekubali kuomba maisha."

Maneno matamu, mwanangu, na mimi nilipenda maneno matamu. Tukala tende, tukapita nyuma ya pazia mmoja mmoja, kokwa tukazitia mfukoni. Tulijiona tumewafunza adabu wote wawili.

Rashidi akashinda kwa kokwa nne.

Mzee Sefu alinikuta navaa viatu. "Asha," akasema, taratibu kama kawaida yake, "mimi hamkunikomoa. Mimi nina kazi na pasi yangu ninayo."

Rashidi alipoendewa kwa ajili ya Mwanahawa alijibu kwamba hagombani na mwenye nyumba kwa ajili ya mtoro. Wiki ya tatu ikaja simu kutoka Pangani: mama wa Mwanahawa keshazikwa. Hakulia. Alikaa kwenye godoro langu, akanitazama.

"Mlikuwa tisa," akasema.

Tangu siku ile hakuniita dada tena. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu kanizeekea mikononi.

Mwanangu, wewe mwenye moto kama ule wetu, sikwambii uuzime. Odhiambo hakukosea juu ya Mzee Sefu. Alikosea juu ya Mwanahawa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiletewa wawili usiowataka, usiwatazame wao, mtazame yule atakayeumia. Mpe kura atakayempunguzia mzigo, wala usimpende, wala usimwimbie; na kesho yake asubuhi uwe mlangoni pake ukimdai yaliyobaki. Usiulinde usafi wa mkono wako kwa msiba wa mwenzio.

Mungu akupe moyo usiopoa, na akuepushe na jina la mtu utakalolitaja umeinamisha kichwa.