Bi Hatua na Kompyuta Arobaini

Ofisini walimwita Bi Hatua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba, na kwenye droo yake alikuwa na daftari lenye hatua sitini na moja. Alizifuata kila mara taasisi yao ilipotaka kupiga hesabu za mto: maji yatapanda kiasi gani, yatafika lini, watu wa bondeni wahame au wakae.

Hesabu hizo zilihitaji kompyuta arobaini zinazofanya kazi kama moja. Taasisi haikuwa nazo, hivyo ilizikodi kwenye mtandao, kwenye kile ambacho wenye fani hukiita wingu: kompyuta za wengine zilizoko mbali, unazitumia siku mbili, kisha unaziachia. Mama mkwe wake hakuwahi kulielewa jambo hilo. "Mkwe wangu anafanya kazi mawinguni," aliwaambia majirani, "na nguo zangu zinanyeshewa kwenye kamba kila siku."

Tabu ilikuwa kuziwasha. Ilibidi aziagize moja moja, aziunganishe ziweze kuwasiliana, apakie programu, azionyeshe data zilipo. Akikosea hatua ya kumi na tisa, anagundua akiwa kwenye ya hamsini. Kazi ilichukua saa sita, na aliyeijua mwanzo mwisho alikuwa yeye peke yake. Kwa miaka saba hakuchukua likizo wakati wa mvua, na kusema kweli alijisikia vizuri. Kuhitajika kuna utamu wake.

Utamu uliisha siku binti yake alipopiga simu kusema ni mjamzito, na kwamba atajifungua katikati ya mvua.

"Mama, utakuja?"

"Nitakuja."

"Isiwe kama ulivyokuja kwenye mahafali yangu, kwa simu."

Kesho yake alimwendea mkuu wa kitengo, akaomba miezi mitatu ya kuandika hatua zote kwa namna ambayo kompyuta itazisoma na kuzifuata yenyewe.

Akaanza kwa kujiuliza kila hatua ni ya nini. Nne kati yake, aligundua, zilikuwa za kukwepa hitilafu iliyorekebishwa zamani. Miaka yote saba alikuwa akizifanya bure. Alicheka peke yake mpaka wenzake wakageuka kumtazama.

Alipomaliza, alimwita mtaalamu wa mito, bwana mrefu anayechapa kwa vidole viwili, ajaribu. Programu ilimuuliza maswali ishirini na mawili. Bwana yule alikwama kwenye la nne.

"Dada, hili swali wewe mwenyewe unalielewa?"

Alikasirika, akatoka kwenda kunywa chai. Kikombe kilipofika nusu alikubali kwamba halielewi; siku zote alikuwa akinakili tu jibu lilelile. Basi akarudi kuyaondoa maswali, moja baada ya jingine, programu ijijibu yenyewe. Yakabaki matatu: mto upi, siku ngapi mbele, kompyuta ngapi. Ukishajibu, unaandika amri moja na kusubiri. Kazi ikiisha, kompyuta zinajizima zenyewe.

Mjukuu hakusubiri tarehe aliyopangiwa. Uchungu ulianza wiki mbili mapema, asubuhi ileile ambayo mvua kubwa ilianza kunyesha huko juu mto unakotoka. Bi Hatua alikuwa kwenye benchi la hospitali simu ilipoita.

"Dada, nimeandika amri," alisema mtaalamu wa mito. "Zimewaka thelathini na tisa. Moja imegoma."

Alishasimama, mkoba begani, akitafuta kwa macho mlango wa kutokea.

"Ngoja," sauti ikaendelea. "Programu inasema imeiacha hiyo, inawasha nyingine."

Akabaki amesimama, simu sikioni, akimsikia bwana yule akipumua.

"Arobaini, dada. Hesabu zinatembea. Sasa nifanye nini?"

"Kanywe chai."

Akakaa tena, mkoba mapajani.

Tahadhari ilitolewa kabla ya adhuhuri. Watu wa bondeni walipanda juu na magodoro na kuku wao, na maji yalipofika jioni yalikuta nyumba tupu. Habari hizo Bi Hatua alizisoma baadaye sana, maana saa kumi alikuwa amempakata mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na hasira nyingi zaidi.

Siku ya tatu, akiwa nyumbani kwa binti yake, kimya cha simu kilimshinda. Akapiga mwenyewe.

"Kuna tatizo huko?"

"Hakuna. Leo tumewasha mara mbili. Ulikuwa unataka nini?"

"Nasalimia tu."

"Tumesalimika. Haya, lea mjukuu."

Alikata simu, akiwa ameumia kidogo, kidogo sana. Kisha binti yake akaita kutoka chumbani kwamba maji ya kumuogeshea mtoto yanapoa, naye akakunja mikono ya gauni, akaenda. Alikaa huko wiki tano.