Bibi Kwenye Flashi

"Hodi we! Hodi we! Hodi we!"

Nilimsikia marehemu bibi kabla sijaufikia mlango. Anaanza wimbo, anakatika, anaanza upya, kama jogoo aliyekabwa koo. Nikavua viatu, nikaingia. Shangazi yangu, binti yake, alikuwa amechuchumaa mbele ya sabufa akiizaba makofi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. We msomi, hebu mtulize mamangu. Anarukaruka."

Jioni ile shangazi alikuwa aende kuongoza vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, harusini Muheza, na beti ya tatu ilikuwa imemtoka kichwani. Ilibaki kwenye sauti ya bibi tu, ambayo fundi mmoja aliitoa kwenye kaseti akaitia kwenye flashi.

"Wale wanawake wa Muheza wakijua nimesahau," alisema, "wataniimba mimi mpaka nizikwe."

Nikaizima sabufa, nikaiwasha. Hodi we! Hodi we! Nikachomeka flashi yangu: muziki ukatiririka bila kwikwi. Basi sabufa ilikuwa nzima. Nikaichomeka ya bibi kwenye kompyuta. Ikaonekana, ikapotea, ikaonekana. Nikaichomoa, nikainusa. Ilinukia kuliko bibi harusi.

"Shangazi, hii unaiweka wapi?"

"Pindoni mwa kanga. Pengine wapi?"

"Na kanga?"

"Juu ya chetezo, inakula udi."

"Umemfukiza bibi?"

"Sasa aende harusini ananuka samaki?"

Vibati vya flashi vilikuwa vimegandwa na masizi ya udi, vyeusi kama meno ya mvuta sigara. Shangazi akaleta marashi avioshe, nikamnyang'anya chupa. Nikavisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikachomeka tena.

Bibi akaimba. Beti ya kwanza, ya pili, pembe zikigongwa, wanawake wakiitikia. Shangazi akafumba macho. Ikaja ya tatu. Bibi akakohoa. Akasita.

"Lalala we, lalala... Itikieni nyie! Mnanitolea macho ya nini?"

Kicheko cha wale wanawake wa kwenye kaseti kikapasua sabufa. Shangazi akafumbua macho, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mama muongo huyu! Kanifinya utoto mzima kwa beti ambayo mwenyewe hana!"

"Sasa utaimba nini?"

"Lalala. Mwenye ubishi aende akamuulize kaburini."

Akaichomoa flashi, akaifunga kwenye pindo lilelile linalonuka udi. Nikafumbua mdomo nimuonye, akatoka na kunifungia mlango usoni.