Panya wa Kizimba cha Tatu

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini leo mashine zangu pale Kaloleni zinasaga chakula cha nusu ya kuku wa Kisumu. Kwa hivyo maabara moja iliponitafuta niwatengenezee chakula cha panya weupe, sikushangaa. Daktari Atieno alinieleza: kizimba cha kwanza wapewe mafuta ya ng'ombe, cha pili mafuta ya alizeti, cha tatu wasionje mafuta kabisa. Halafu angepima kolesteroli kwenye damu yao.

Chakula nilipeleka mwenyewe kila asubuhi. Hao wa kizimba cha tatu walininyima raha, hata kitandani nilikuwa nawawaza. Mtu aliyekula ugali mtupu kama mimi ataonaje kiumbe akitafuna kikavu na jirani yake ananona? Nikaanza kuwatupia mgongo wazi, mifupa ya samaki mbuta iliyokaangwa. Kipande tu, mjinga mimi.

Jumanne Daktari akaniita mbele ya wakubwa wake.

"Mzee, wa tatu wamepanda kolesteroli. Chakula chako kina mafuta. Itabidi tutafute mtu mwingine."

"Chakula changu? Mama, hakina hata tone," nikasema, nikasogea kwenye vizimba kuwaonyesha.

Vizimba viwili vilitulia. Panya wa kizimba cha tatu wakasimama wote kwa miguu ya nyuma, wakashika waya, pua zikielekea mfuko wa koti langu.

Daktari akaangalia panya, akaangalia koti.

"Mzee," akauliza polepole, "kwani hawa mnajuana?"