Mbegu Iliyobakizwa Nyumbani

Mvua ya kwanza ikigonga mawe meusi ya Goma hutoka harufu ambayo sijaikuta Kampala wala Ulaya, na kote huko nimekaa, nikasoma, nikarudi na vyeti. Ni harufu ya chuma cha moto kilichotumbukizwa majini, iliyochanganyika na vumbi na moshi wa makaa. Harufu hiyo hunipeleka nyuma ya nyumba yetu ya mbao pale Keshero, ambapo palikuwa na bamba la jiwe la volkano, pana kama meza ya watu kumi, lililolala hapo tangu kabla familia yetu haijashuka kutoka milima ya Masisi kwa kukimbia vita. Majirani walianika mihogo na nguo juu ya mawe ya namna hiyo. Sisi tulilifanya ubao wa shule. Dada yangu Mapendo aliokota vipande vya chaki vilivyoanguka chini darasani, akavificha ndani ya pindo la sketi, na jioni tukirudi alivitoa akaandika juu ya lile jiwe jeusi namba nyeupe, safi, zilizonyooka kuliko za mwalimu. Mvua ikinyesha, namba zilifutika zenyewe, naye alisema mvua ni mwanafunzi wa zamu.

Leo mimi ni mhandisi wa maji. Nina diploma tatu, na ile kubwa imewekwa kwenye fremu sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuingia asiione. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa, na hakuna mtu aliyenishika mkono kuijenga. Ukiona watu wanachota maji kwenye tangi kubwa la mtaa fulani hapa mjini, huenda ni mimi niliyepiga hesabu zake. Sioni haya kuyasema, maana nimeyatolea jasho, na mwenye jembe ndiye anayejua ugumu wa udongo. Lakini mita ya ujazo, ambayo ndiyo mkate wangu wa kila siku, sikufundishwa na profesa yeyote. Nilifundishwa juu ya lile jiwe, na msichana ambaye leo anauza sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kituku.

Mapendo alinizidi miaka miwili. Vita vya Masisi vilimkalisha nyumbani mpaka nikamfikia, kwa hiyo tulikuwa pamoja darasa la sita. Mimi nilikuwa mtoto wa kukariri. Nilimeza sheria bila kuzitafuna, na mwalimu akigeuza swali kidogo tu, nilibaki mdomo wazi. Siku moja nilishindwa kabisa kuelewa mita ya ujazo ni kitu gani. Mapendo hakunicheka. Alinipa bidoni, dumu la maji la lita ishirini, naye akachukua yake, tukateremka ziwani kuteka maji kama kila siku. Tulipopanda kilima, shingo zikiuma, akasema, “Bauma, fikiria sanduku. Mita moya huku, mita moya huku, mita moya kwenda chini. Ili lijae, tutapanda hiki kilima na bidoni makumi tano.” Nililiona lile sanduku. Niliuona uchovu wake, bidoni hamsini moja baada ya nyingine. Tangu siku ile sijawahi kukosea.

Mwisho wa mwaka huo tulikuwa tufanye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule ambao sote tuliuita Tenafep. Asiyekuwa na karatasi yake hakuingia sekondari. Majuma machache kabla ya mtihani, mapigano yalisogea tena karibu na mji, na habari ikafika kwamba shule yetu ingefanyia mtihani Katindo, kwenye jengo lililo jirani na kambi ya jeshi. Kila mzazi alijua mabomu hutafuta nini yanaporushwa. Direkta wa shule, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, aliwaita wazazi. Sisi watoto tulichungulia dirishani. Alisema hawezi kumlazimisha mtu: atakayemleta mtoto amlete, atakayembakisha ambakishe, na aliyebaki atajaribu mwaka ujao. Wanawake wawili wakaondoka hapo hapo wakiwaburuta watoto wao. Mzee mmoja akasema, “Karatasi haizikwi na mutu, lakini mutu anazikwa na karatasi yake.” Hakuna aliyecheka.

Baba yangu alikuwa akivusha maharagwe kwa mtumbwi kutoka Minova, na watu wa maji wana sheria yao, ambayo hata sisi tuliotoka milimani tulijifunza haraka: familia haipandi yote chombo kimoja. Tulipokwenda kusalimia ndugu ng’ambo ya pili, Mama na Mapendo waliondoka Jumatatu, mimi na Baba Jumanne. Ziwa likichukua, libakize. Basi jioni ile, Mama akichambua sombe, majani ya muhogo, Baba aliketi juu ya jiwe letu, akifuta namba kwa suruali yake bila kujua, akatoa hukumu.

“Batoto bote habapandake mutumbwi moya,” alisema. “Moya ataenda Katindo. Moya atabaki.”

“Basi aende Mapendo,” Mama akasema bila kuinua kichwa. “Yeye njo mwenye akili.”

“Njo maana anabaki.” Baba alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuwaza kila kitu. “Mama Mapendo, weye ni mukulima. Maharagi mazuri unapika? Unaiweka mbegu. Huyu mutoto, hata mukimwamsha miaka kumi ijayo, atapita. Lakini Bauma, vile alimeza, mwaka kesho itakuwa imetoka yote.”

“Na kama bomu inaanguka juu ya Bauma?”

Baba alinigeukia akaniuliza kama niko tayari. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri, maana katika hotuba zangu, na nimealikwa kutoa hotuba nyingi, sehemu hii huwa naiacha. Niliogopa bomu, ndiyo. Lakini nilijua kwa uhakika, kama nilivyojua jina langu, kwamba kati yetu wawili mwanafunzi alikuwa Mapendo. Ningeweza kusema: Papa, nitabaki mimi. Baba alikuwa mtu wa kusikia. Mapendo alikuwa amesimama mlangoni ameshika kipande cha chaki, ananitazama mimi, si Baba. Nikasema, “Niko tayari, Papa,” nikakimbia kwenda kusugua viatu vyangu. Nilisikia nyuma yangu Mapendo akimwambia Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sombe ile ina mchanga, aioshe tena.

Siku zilizobaki alinifundisha kwa ukali ambao hakuwa nao zamani. Jiwe lilijaa mpaka pembeni. Nikikosea, alinipiga kikofi kidogo cha kisogo na kusema, “Unabeba vichwa viwili, usiangushe.” Asubuhi ya mtihani alinifunga vifungo vya shati hadi shingoni, akanipa biki yake ya bluu, maana yangu ilikuwa inavuja. Nilitembea na Baba hadi Katindo. Alisimama ng’ambo ya barabara muda wote, mikono nyuma, akitazama juu.

Hakuna kilichoanguka. Siku zote za mtihani hakuna kilichoanguka. Nilisikia mbuzi wa wake za wanajeshi, nilisikia mtu akitwanga kwenye kinu, nilisikia kikohozi cha direkta wetu kwenye baraza. Anga ya Goma ilikuwa nyeupe na tulivu kana kwamba vita vilikuwa hadithi. Waliobakishwa nyumbani walibakishwa bure. Mpaka leo najua huzuni ya jambo la kutisha linapotokea, na najua pia huzuni ya lile lisilotokea. Hii ya pili haina kaburi la kwenda kulilia.

Niliporudi siku ya hesabu, Mapendo alikuwa ananingoja kwenye kona ya njia. Hakuuliza kama niliogopa. Aliuliza, “Balileta ile ya mayi?” Nikamwambia waliileta, ile ya maji. Akataka nimsomee swali lote kwa kichwa, nikamsomea, akafumba macho kidogo, akataja jibu. Ndilo nililoandika. Akacheka, akanipiga kikofi cha kisogo, kisha akachukua bidoni yake akateremka ziwani. Nilimwona akishuka, mabega yakitikisika, nami nikajiambia kwamba bado anacheka.

Nilifaulu, tena kwa alama za juu. Baba aliniita jina langu kamili mbele ya majirani. Kuhusu Mapendo, sote tulisema mwaka ujao. Subira huvuta heri, tulisema. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakutuambia lipi ni la siku gani. Mwaka uliofuata Mama, aliyekuwa na meza ya sambaza Kituku, aliugua mapafu. Mapendo alikaa mahali pake sokoni majuma mawili, kumshikia meza tu, sambaza zisioze. Majuma mawili yakawa muhula. Orodha ya watahiniwa ilipopelekwa, jina lake halikuwamo, kwa sababu siku ya kuandikisha alikuwa sokoni. Mwaka wa tatu alikuwa mrefu kuliko mwalimu, na watoto walimwita Mama Darasa, akaacha. Mbegu huwekwa kwa ajili ya mvua. Ikikaa sana ghalani, fukusi huila kutoka ndani, na kwa nje bado unaiona nzima. Baba alizeeka bila kulitaja jambo lile. Ila hadi kufa kwake, alipokula maharagwe aliyatenga mazuri pembeni ya sahani, na Mapendo, akiwa mama wa watoto wanne, aliyachukua akayala.

Niliporudi nyumbani na diploma zangu nilinunua kiwanja kile kile cha Keshero na kuwapa mafundi kazi. Sikuwapo siku walipolivunja lile bamba ili wapate mawe ya ukuta. Mapendo alikuja kutazama jengo, beseni kichwani, akaniuliza jiwe liko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Alitembea kandokando yake taratibu, akipitisha mkono juu ya kila jiwe, kama mtu anayetafuta mtoto wake katika foleni ya shule. Kisha akasema ukuta ni mzuri.

Mwaka huu, mji wetu ukiwa umeangukia tena mikononi mwa jeshi jingine, shule ile ile iliwaita wazazi kwa swali lile lile. Mtihani upo, je, watoto waende? Wengine waliogopa njia. Wengine waliuliza nani atasahihisha, nani atatia sahihi, na karatasi yenyewe itasomwa wapi, kwenye nchi ambayo upande mmoja hauamini muhuri wa upande mwingine. Nilialikwa kama mtoto wa shule aliyefika mbali. Nikasimama na koti langu, nikaeleza nilivyokwenda Katindo kambi ikiwa jirani, nikaeleza nilivyopanda ngazi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nasema vizuri, najua. Baba mmoja aliyekaa nyuma akanikata: “Muzee, wako anasoma Gisenyi, sivyo?” Ni kweli, mwanangu anavuka mpaka kwenda Rwanda kila asubuhi. “Basi kaa chini. Mutu asiye ndani ya mutumbwi hafundishake watu kuogelea.” Walicheka, nami nikakaa. Mapendo alikuwa upande wa wanawake, na binti yake wa mwisho, Neema, yuko darasa la sita. Nilidhani atanitetea. Alisimama, akaweka sawa kitenge chake, akasema maneno machache tu. “Mimi nilibakishwaka hapa. Bomu haikuanguka. Neema ataenda. Kama karatasi haitasomwa, atakuwa amejua kama anaweza. Mimi sikujuaka.” Akatoka, kwa sababu mitumbwi ilikuwa inaingia.

Siku ya hesabu mimi mwenyewe nilimpeleka Neema. Nilisimama ng’ambo ya barabara, mikono nyuma, na baada ya muda nikagundua ninatazama juu. Zamani kulikuwa na kambi na sasa kuna simu ya mkononi inayoleta uvumi kila dakika. Zamani tulitembea kwa miguu na sasa nina gari. Lakini mzazi wa Goma bado anapima shule kwa kutazama mawingu, na miaka yangu yote ya masomo haikunipa chombo kingine cha kupimia. Mchana watoto walitoka. Mapendo alikuwa amefika moja kwa moja kutoka Kituku, magamba yamekauka mikononi mwake. Alitua beseni juu ya jiwe.

“Balileta ya mayi?”

“Balileta, mama.” Neema akafumba macho, akasoma kwa kichwa: tangi lina urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na nusu, kina cha mita moja na sentimita ishirini. Litajaza bidoni ngapi za lita ishirini?

Ni kazi yangu, kazi ya kila siku. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

“Mia moya na makumi munane,” Mapendo alisema.

“Njo niliandika,” Neema akasema.

Mapendo akampiga bintiye kikofi kidogo cha kisogo. Mabega yake yakatikisika, na safari hii nilikuwa karibu, nikauona uso wake: hakuwa anacheka. Nikamwambia aketi kidogo garini, apumzike. Akatikisa kichwa, akainama, akajitwika beseni.

“Sambaza haingoyake mutu, Bauma,” akasema, akateremka kuelekea ziwani.