Meli Zilizozamishwa na Wenyewe

Baba yangu hakutaka kuvuka Mto Nile. Shangazi, dada yake wa pekee, alikuwa mgonjwa hoi upande wa pili, Adjumani, na kila simu ilikuja na swali lile lile: atakuja lini? Baba naye na jibu lile lile: "Ile maji mimi hapana vuka." Nilikuwa nimeshachemka. Feri ya Laropi inavusha mbuzi, malori na maharusi, yeye ana nini?

Nilijua ana nini. Koboko nzima, mji anakoishi, ilijua. Ujanani alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya jeshi, yenye bunduki kubwa, iliyolinda mto. Vita vilipowaelemea, wakubwa wake waliamuru boti izamishwe adui asiipate, na aliyefungua valvu za chini maji yaingie ni yeye. Tangu hapo wazee wenzake sokoni walimwita kapteni wa kambare. Alicheka nao, kisha akirudi nyumbani hasemi na mtu mpaka magharibi.

Vyumba vyangu vya uani hapa Arua nilikuwa nimempangisha daktari mmoja, mwanamke wa Poland. Jumapili moja baba alikuja kunisalimu. Nikawawekea wote wawili kahawa ya tangawizi, kama kawaida yetu Wanubi, nikimwomba Mungu wapate la kusema. Daktari akatoa simu, akamwonyesha picha ya babu yake: kijana amesimama juu ya meli fupi ya chuma, mizinga imechomoza mbele.

Baba akavaa miwani. "Hii hapana ya bahari," akasema. "Tumbo yake iko bapa. Ni ya maji kidogo."

Nikatafsiri. Daktari akafurahi. Ndiyo, nchi yao ilikuwa na kikosi cha wanamaji wa mitoni, kwenye vinamasi vya mashariki, mbali kabisa na bahari.

"Saa hii hiyo meli iko wapi?" baba akauliza.

"Walizizamisha wenyewe," akasema daktari. "Maadui walikuja pande zote mbili, na mto ulikuwa umepungua maji, hakuna pa kukimbilia. Babu yangu alikuwa fundi wa injini. Yeye ndiye aliyeyafungulia maji yaingie."

Nilisita, kisha nikatafsiri. Baba akaweka kikombe chini. Nilidhani ameudhika, kumbe ananituma mkeka.

Nyumbani kwetu pole ya msiba haitolewi mtu akiwa kitini. Inatolewa chini, mkekani, mkiangaliana. Baba na magoti yake yale mabovu akashuka, akamwashiria daktari akae mbele yake, akainua mikono na kuomba dua. Kisha akasema, "Pole na meli ya babu yako." Nikaona haya, na kicheko kinanikaba: kuweka msiba kwa ajili ya chuma!

Daktari hakucheka. Aliniuliza kwa nini mzee analia. Hapo ndipo nikatazama vizuri. Nikamsimulia habari za boti yetu, yote, hata ya kambare. Akaishika mikono ya baba, akasema kwa Kiswahili chake cha wodini, "Pole sana, Mzee. Pole na boti."

Miaka yote ile baba alikuwa amepewa utani na ushauri, na mimi nikamwongezea hasira. Pole hakuwa amepewa na mtu. Iliniuma sana.

Wiki ile ile mimi na baba tukavuka. Kwenye feri alishikilia chuma cha pembeni, kofia yake mkononi, midomo ikichezacheza dua.

Shangazi alikuwa amelala sakafuni, kwenye godoro, amekonda mpaka bangili zimempanda hadi kiwikoni. Akafumbua macho, akamtazama kaka yake.

"Maji ilikuwa namna gani?"

Baba akakaa mkekani, kando yake.

"Iko maji tu, dada yangu," akasema. "Iko maji tu."