Opereta na Mlinda Daraja

Hebu mwone akiingia dukani kwa fundi simu, saa tatu na nusu asubuhi. Ni mwanamke wa miaka sitini na minane, mwembamba, shingo yake imelalia kidogo upande wa kushoto kama ya mtu aliyebana simu begani. Mkoba uko kwapani. Simu haimo mkobani, kaishika mkononi imeviringishwa leso, na juu ya jicho la kamera kabandika plasta, ile ile ya kufungia kidonda.

Fundi akaitazama ile plasta, akauliza kama kamera imeumia.

"Haijaumia," akajibu. "Nimeifumba jicho."

Kilichomleta ni tochi. Kila alipotaka kuiwasha, simu ilimuuliza maswali. Niruhusu nisikie? Niruhusu nijue ulipo? Niruhusu nisome majina ya watu wako? Naye kila mara alibonyeza kataa, mpaka tochi nayo ikakataa kuwaka. Akataka fundi amweleze, taratibu bila haraka, tochi inataka majina ya watu wake ili iyamulike wapi. Fundi akacheka. Akamwambia mama, siku hizi kila mtu anabonyeza ruhusu na maisha yanaendelea, kwani yeye ana siri gani kubwa hivyo? Yeye akasema siri hana, ana watu. Akaiviringisha simu yake ndani ya leso, akaenda zake bila tochi.

Huyo ndiye Opereta, wenzangu, na jina hilo hakulipata kwa mzaha. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya swichibodi ya kituo cha simu cha mji wao, enzi ambazo simu haikwenda popote bila mkono wa mtu. Taa ndogo inawaka, unachomeka waya kwenye tundu, unamuuliza mpigaji anamtaka nani, unachomeka waya wa pili, unasikiliza sekunde tatu kuhakikisha wawili wamepatana, kisha unarudisha swichi ya kusikilizia mahali pake. Ukishairudisha, husikii tena, unaona tu taa yao ikiwaka mpaka wamalize. Msimamizi wao, mama mmoja mnene aliyetembea kwa viatu vya raba ili asisikike akija, alikuwa na neno moja alilowaambia wasichana wapya siku ya kwanza: sekunde tatu ni kazi, ya nne ni wizi. Opereta alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika sala. Mpaka leo ukimsimulia habari za watu wengine utamwona mkono wa kulia unasogea juu ya meza, kidole gumba kinasukuma kitu ambacho hakipo.

Kituo kilifungwa, mume akafariki, watoto wakawa na nyumba zao. Yeye akabaki kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu, yenye mlango wa bluu aliopaka mwenyewe. Mwanawe wa kwanza ni mpima ardhi, basi nyumbani wanamwita Mpima. Binti yake wa mwisho ni muuguzi, wanamwita Kitinda. Ni Mpima aliyemletea simu hiyo ya kisasa, na ndani yake alikuwa tayari amemwekea mchezo. Mama, akamwambia, huu utaupenda, ni wa kuunganisha.

Na kweli aliupenda. Mchezo wenyewe ni wa reli. Mnacheza wawili wawili: wewe unatandika reli kutoka kituo cha huku, mwenzako anatandika kutoka kituo cha kule, mkikutana katikati bila kukosea treni inapita na honi inalia. Chini ya ubao kuna nafasi ya kuandikiana, na ujumbe ukiingia honi hiyo hiyo inalia. Wachezaji wapatao arobaini walikuwa na kundi lao, wanaamkiana asubuhi na kubishana mpaka jioni. Mmoja alisema michezo inaharibu akili za watoto, akasema hivyo akiwa kwenye ngazi ya mia mbili na sita. Mwingine aliapa kwamba alizungumza na mkewe habari za godoro, simu iko mezani, na kesho yake simu ikaanza kumwonyesha magodoro. Opereta akaandika kwamba kama simu inasikiliza mazungumzo ya mume na mke waliokaa miaka ishirini, basi yeye anaihurumia. Walicheka siku nzima. Akawa mtu pale, akitoweka anaulizwa.

Wiki ile ile ya kwanza akapata mwenzake wa kudumu, mchezaji aliyejiita Mlinda Daraja. Walikutana saa nne kila asubuhi. Huyu hakuwa msemaji. Ukimwandikia jambo, atajibu "Aha," au "Kisha ikawaje?" na baada ya hapo ananyamaza, anakungoja. Jumatano na Ijumaa alichangamka zaidi na kutania, ila reli zake siku hizo zilikwenda kombo. Opereta akajisemea kila mtu ana siku zake.

Hapa ndipo alipofanya kosa, na naamini ni kosa ambalo angelifanya mtu wa swichibodi peke yake. Ule ukimya wa upande wa pili aliuchukulia kuwa ni adabu. Alidhani amempata mtu wa aina yake, anayesikia kinachotosha kisha anarudisha swichi. Basi akafunguka. Alimwambia Mlinda Daraja kwamba aliteleza bafuni akakaa chini karibu saa nzima kabla ya kuweza kusimama. Alimwambia kwamba majina ya watu siku hizi yanamjia yakiwa yamechelewa, kama barua. Alimwambia habari ya Jumanne moja alipoinjika maharage, akatoka kwenda kuzungumza na jirani, na aliporudi jikoni kulikuwa na moshi mweupe na sufuria jekundu chini. Sufuria hilo alilifunga kwa gazeti, akalitia kwenye gunia la taka chini kabisa, akasimama mlangoni mpaka mkusanya taka alipolichukua. Hakuna kiumbe aliyeliona. Mlinda Daraja akaandika, "Pole sana." Ikamtosha.

Naye Mlinda Daraja siku moja alimwambia la kwake. Aliandika kwamba ana mama anayeishi peke yake, kila akimuuliza hali anajibu salama, na yeye anaogopa siku moja hiyo salama itakuwa ya mwisho. Amfanyeje? Opereta alifikiri kitambo, akamwandikia kwamba wazee hawapendi kuchungwa kama kuku. Mwangalie kwa mbali, akaandika, asijue.

Ikapita miezi minane.

Jumamosi moja alasiri, Mpima na Kitinda wakaja pamoja, jambo ambalo si la kawaida kwao kama hakuna msiba. Wakanywa chai. Kisha Mpima akafungua karatasi mezani, akaikandamiza pembe nne kwa vikombe. Ulikuwa mchoro wa chumba cha uani nyumbani kwake, umepimwa kwa kazi yake mwenyewe, kila ukuta na urefu wake, kitanda kimechorwa, dirisha limechorwa, hata mlango unaonyeshwa unafungukia upande gani. Alitaka mama yake afunge hii nyumba ahamie kule kabla ya mwisho wa mwezi. Kitinda akaongeza kwamba choo kiko humo humo ndani, hakuna kizingiti cha kujikwaa.

Opereta akausifia mchoro. Akasema ni kazi safi, na kwamba yeye atakufa nyuma ya mlango wake wa bluu, hana haraka, yuko salama.

"Salama gani, Mama?" Mpima akasema. "Na lile sufuria la maharage?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Kitinda alimkanyaga kaka yake mguu chini ya meza, kwa nguvu kiasi cha kutikisa vikombe, na pembe moja ya mchoro ikajikunja.

Opereta hakuuliza kitu. Kule kituoni, laini ikileta mashaka hukuanza kulaumu watu, uliipima kwanza: unapiga kengele uone inalia wapi. Basi aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na simu yake, akakaa pale pale, akaifungua leso. Akaandika neno moja kwa Mlinda Daraja, "Upo?", akatuma.

Honi ya treni ikalia kwenye mfuko wa shati la Mpima.

Halafu, nusu pumzi baadaye, ikalia honi ya pili ndani ya mkoba wa Kitinda.

Mpima aliuweka mkono juu ya mfuko kana kwamba honi bado inalia. Kitinda ndiye aliyeanza, akasema walikusudia kumwambia, kila wiki walisema wiki hii, halafu yeye mwenyewe anaandika jambo jipya na wanaona wakimwambia sasa hatasema tena. Mama yake akamwuliza kitu kimoja tu.

"Jumatano na Ijumaa ni wewe?"

Kitinda akatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua kuna kitu. Unatandika reli kama unafukuzwa na mbwa."

Kitinda kicheko kikampanda, kikageuka kilio njiani.

Mpima ni mtu wa vipimo, akataka kujitetea kwa vipimo. Akasema wangefanyaje? Kila siku wakipiga simu ni salama, wakija ni salama, maumivu yote ameyapeleka kwa mtu asiyemjua. Akatoa simu, akapekua, akaisukuma mezani.

"Wewe mwenyewe uliniambia, Mama. Nilikuuliza nimfanyeje mama yangu. Soma hapa. Mwangalie kwa mbali, asijue. Maneno yako haya."

"Nilimwambia mtu baki," Opereta akasema. "Mtu baki na mama yake. Wewe sikukwambia kitu."

Hakuitazama ile simu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kusogea juu ya mchoro, kidole gumba kinasukuma. Kisha akawasimulia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia, na mimi nalileta kama alivyolisema.

"Baba yenu alipiga simu kituoni siku moja. Nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu, hakujua ni mimi niliyekaa. Akaomba namba ya upande wa pili wa mji. Nikaunganisha. Akapokea mwanamke, akasema, nilidhani umenisahau. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikarudisha swichi."

Mpima akauliza baba alijibu nini.

"Sijui. Ndilo ninalowaambieni. Nimeishi naye miaka kumi na tisa baada ya siku ile, nikamzika, na sijui. Taa yao iliwaka mbele ya uso wangu dakika kumi na moja. Ninyi mmekaa miezi minane."

Waliondoka jua likingali juu. Mlangoni Kitinda alitaka kumkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, ila mikono yake hakuiinua. Mpima akasema uamuzi wa kuhama ni wake, hawatamlazimisha, lakini wanaomba jibu Jumatatu, na akaomba jambo moja: akibaki, basi awe na mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli kila asubuhi. Yeyote. Bila hilo, yeye Mpima hawezi kulala.

Mchoro waliuacha mezani.

Jumapili hakuifungua simu. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alijiuliza ni nani wa kumwambia ukweli kila asubuhi, akahesabu. Jirani ana mdomo. Wenzake wa swichibodi wamebaki wawili, mmoja hasikii. Kwenye kundi la mchezo sasa hakuna jina aliloliamini, hata yule wa godoro alianza kumtilia shaka. Kila alipozunguka, alirudi kwa mtu mmoja aliyejua kungoja, aliyeuliza kisha ikawaje, na mtu huyo hakuwapo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Mpima, kwa mdomo wake mwenyewe, hajawahi kumuuliza kisha ikawaje hata mara moja. Angemuuliza hivyo uso kwa uso, pengine lile sufuria angelionyeshwa likiwa bado moto.

Jumatatu asubuhi aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, na siku ikamkataa. Hakujua ni Jumatatu au ni siku gani. Alijua jina lake, alijua chumba, lakini siku haikuja mpaka alipokwenda kuitazama kalenda jikoni. Akawasha jiko, akasimama mbele yake mpaka chai ilipochemka, hakusogea hata hatua.

Saa nne kamili honi ikalia ndani ya leso.

Ilikuwa ni Mlinda Daraja. "Shikamoo, Mama. Ni mimi Mpima, niko peke yangu, Kitinda nimemwondoa humu. Umeamkaje leo?"

Akaketi na simu mkononi, plasta yake bado imebandikwa kwenye jicho la kamera. Akijibu salama, neno ambalo Mpima haliamini tena, karatasi ile iliyoko mezani itarudi kuzungumzwa, na huenda mlango wa bluu ukafungwa. Akimwandikia habari ya kalenda, atakuwa amempa mwizi ufunguo kwa mkono wake, ila mwizi ni mwanawe, na safari hii amebisha hodi. Alama ya kuandikia ilikuwa inawaka na kuzima chini ya ubao, kama ile taa ndogo ya zamani iliyokuwa ikiwaka mtu anapongoja kuunganishwa.

Ninyi mnaonisoma, mngemwandikia nini?