Mutoto ya Virginie, Mutoto ya Agness

Hii habari nitawaelezea, hakuna muntu atanisadiki. Mimi mwenyewe, kama ningeisikia mu kinywa ya mwingine, ningemuambia: ndugu yangu, kunywa maji, lala, kesho utaamuka muzuri. Lakini ni mimi naiandika, Jeannot, yomba ya Virginie, muntu mwenye alisoma mpaka mwaka ya tatu ya sekondari na akaacha. Si juu ya ujinga. Balimu balikuwa bameisha bintu ya kunifundisha. Basi mukae muzuri.

Virginie ni mutoto ya dada yangu. Anauzisha unga ya mahindi hapa Kasungami, mu Lubumbashi. Kama haujamuona, utamutambua na meka yake. Meka ni kile kikopo tunapimia unga hapa kwetu. Bamama bengine banapanguza juu na kisu mpaka unga inakuwa sawa kioo, na bengine banapiga chini ya kikopo na nyundo ili ingie ndani, unga ikuwe kidogo. Virginie anaachaka kilima juu, kilima kabisa, unga inamwangika. Alafu kama mwenye kununua ni mutoto, anaongeza mukono moja tena.

"Virginie," namuambiaka, "ile biashara yako itakufa na roho muzuri."

"Acha, Yomba. Mi najua juu ya nini."

Bantu ya kanisa banamusifu: Mama Virginie, muntu ya haki! Yeye anainamisha kichwa kama vile balimutukana. Banawaza ni unyenyekevu. Mimi, mwenye kuona mbali, nilijua haiko unyenyekevu.

Mambo iko hivi. Wakati Virginie alikuwa na mimba ya Keren, mutoto yake ya kwanza, unga ilikosekana Lubumbashi yote. Bwana yake Sylvain alikuwa angali anatafuta kazi. Leo anaendesha kamyo kule Kinsevere, lakini ile wakati alikuwa anaendesha paka kinga, baiskeli tu. Basi Virginie, tumbo mbele, kichwa ngumu nyuma, akavuka mupaka kufwata unga Chililabombwe, ku upande ya Zambia. Hakupita ku barriere. Alipita njia ya pori, sawa bote benye hawana karatasi. Mimi nilimukataza sana. Kwanza nilimuagiza sukari, alafu nikamukataza.

Kule alikuwa anafikia ku nyumba ya mama moja, Abigaïl, mwenye kumuuzishia magunia. Ni mu ile nyumba uchungu ilimukamata, mbele ya wakati yake. Na siku zile ilisemekana kama bageni bila karatasi banakamatwa na kupakiwa mu kamyo mpaka ku mupaka. Abigaïl akamushika mukono kumupeleka ku kliniki, na mu njia akamuambia: "Sikiliza. Unasema Kibemba sawa sisi, sura yako ni yetu. Hapa, Virginie haiko. Weye ni Agness Mulenga, mudogo yangu."

Mutoto akazaliwa. Muuguzi akakuya na kalamu, akauliza jina ya mama. Virginie, mutoto juu ya kifua, akajibu: Agness Mulenga. Muuguzi hakusikia muzuri, akauliza tena. Virginie akajibu tena, na sauti kubwa.

Ile mara ya pili njo inamukula mpaka leo.

"Ya kwanza ilikuwa woga," aliniambia siku moja. "Ya pili, Yomba, nilikuwa nimeisha kuzoea. Mutoto yangu alikuwa hajafungua hata macho, mi nilikuwa nimeisha kumukana."

"Haukumukana yeye, ulikana jina yako."

"Weye unajua nini? Haujazaa."

Ilikuwa kweli, sijazaa, lakini najua mambo mingi.

Akarudia Lubumbashi na mutoto. Karatasi ya kliniki ikabakia kwa Abigaïl. Na Keren, akianza kuuliza, tukamuambia alizaliwa hapa Lubumbashi, Makomeno, mu nyumba yangu. Mimi njo nilitoa ile nyumba. Ni nyumba muzuri, inafaa muntu azaliwe mule.

Sasa mutoto amekomaa, amepata diplome, na shule moja ya bauguzi kule Ndola, Zambia, ikamukubali. Furaha ku lupangu, ku kiwanja yetu yote. Lakini kuvuka sawa muntu ya masomo, si sawa gunia ya unga, iko lazima pasipoti. Pasipoti inaomba karatasi ya uraia. Karatasi ya uraia inaomba cheti ya kuzaliwa. Na cheti ya kuzaliwa, Keren hakuwa nayo, juu hapa Congo hakuna muntu aliandikisha ile kuzaliwa yake.

Iko njia fupi, kila muntu hapa kwetu anaijua: unaenda ku tribinali na bashuhuda, banaapa kama mutoto alizaliwa hapa, tribinali inatoa hukumu, ofisi ya commune inaandika cheti, mambo kwisha. Muone sasa ile kichekesho: ili Keren arudie ku inchi kwenye alizaliwa, tulikuwa lazima kwanza kuapa kama hakuzaliwa kule!

Sylvain aliwaza njia ingine. Tulikuwa ku jikoni, Keren alikuwa ametumwa makala ya kupikia.

"Ao tuite Abigaïl," akasema, "alete ile karatasi ya kliniki. Keren aingie kama Muzambia. Mbiyo-mbiyo, bila tribinali."

Virginie alikuwa anasonga bukari. Mwiko ikasimama.

"Na mama yake itakuwa nani?"

Sylvain akainama kusukuma moto.

"Nakuuliza, baba Keren. Mu ile karatasi, mama yake ni nani?"

"Mama Keren, ni karatasi tu."

"Ni Agness," Virginie akasema. "Nikienda kumuona ku shule, mi ni mugeni. Akiolewa, mama yake ni Agness. Siku nitakufa, batamuuliza, weye unalilia nani?"

Ile bukari iliungua. Mi nilikula tu, siko muntu ya kuchagua.

Tukabakia basi na njia fupi. Mushuhuda ya kwanza balinichagua mimi, na nyinyi mungechagua nani? Sauti niko nayo, suti niko nayo, mvi niko nayo. Keren, mwenye ananiita kambo, ni kusema babu, akanikalia pembeni, mikono ku mashavu.

"Kambo, siku ile nilizaliwa, ilikuwa aje?"

"Ee! Mvua, mutoto yangu. Radi. Avenue yote ilisimama ku mulango yangu."

"Mama, ni kweli?"

Virginie alikuwa anafunga gunia. "Uliza kambo yako," akasema, na akatoka inje. Akakaa kule mpaka bukari ikapoa, na akirudia, macho yake ilikuwa nyekundu. Alisema ni moshi, lakini moto tulikuwa tumeisha kuuzima.

Siku ya tribinali ikafika. Muamuzi ni mama moja ya miwani, hasemi mingi. Keren alikaa na mama yake ku banc ya mbele, robe mupya, nywele imesukwa. Bananiita.

"Papa, mutoto alizaliwa wapi?"

"Makomeno, Madame. Mu nyumba yangu."

"Ulikuwa kule?"

Sasa, muntu mwenye masomo kidogo angejibu "ndiyo" na akanyamaza. Mimi siko muntu ya kidogo.

"Madame, kama nilikuwa kule? Umeme ilikatika, mi njo nilishika mushumaa! Mukunga akakawia, nikavua shati, nikanawa mikono mpaka hapa. Mutoto akatoka, akaniangalia, akacheka."

"Akacheka?"

"Akacheka, Madame. Na meno moja ya mbele..."

"Yomba, ikala chini."

Ilikuwa Virginie, amesimama. Mi nikawaza ananishangilia.

"Madame, mumusamehe, anasema vile juu ya kunisaidia. Huyu mutoto hakuzaliwa Makomeno. Nilimuzaa Chililabombwe, mu kliniki. Baliniuliza jina yangu, nikatoa jina ya mwanamuke mwenye haiko mu dunia. Baliniuliza mara ya pili, nikaitoa tena."

Aliambia muamuzi, lakini hakumuangalia. Alikuwa anaangalia Keren. Na Keren alikuwa anaangalia viatu yake, ile viatu mupya tulimuazimia kwa jirani.

Muamuzi akaweka kalamu chini.

"Papa," akaniambia, "unajua mushuhuda ya bongo, mwenye kuapa uongo, analalaka wapi?"

"Madame, ile mambo ya meno njo nilikuwa naenda kusahihisha."

Bantu bakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nitoke, na nisirudie tena mu chumba yake, hata kama nimeitwa. Nilitoka na heshima yangu yote, lakini nikaacha mulango wazi kidogo, juu sikio ni sikio. Nikamusikia anasema na Virginie, polepole:

"Mama, mutoto ya Mukongomani ni Mukongomani, hata azaliwe fasi gani, mu inchi yoyote. Juu ya fasi, haikuwa lazima museme bongo hata kidogo. Juu ya mama yake, ile njo kazi kubwa, karatasi inataja mwingine. Uniletee ule mama ya kule, mwenye alikuona unazaa."

Muone! Miaka yote tulificha kitu chenye sheria haikukataza. Virginie akatoka mule kama muntu amepigwa.

Mu njia ya kurudia, Keren alitembea mbele, peke yake. Mama yake akiongeza mwendo, yeye anaongeza. Ku nyumba akateka maji, akafagia, akaosha vyombo, kazi yote bila kuambiwa, na hakufungua kinywa. Ilikuwa vile siku na siku. Ungependa mutoto atukane, avunje sahani. Hapana. Anasema "ndiyo Mama", anapita. Virginie ku biashara yake alikuwa anatia kilima ku meka mpaka mwenye kununua anamuambia, Mama, inatosha, inamwangika yote! Anajibu, "Iache imwangike."

Alafu siku moja tuko tunakula, Keren akanyoosha mukono.

"Mama Agness, nipe chumvi."

Sylvain akaacha kutafuna. Mimi, muntu ya kula, nikarudisha tonge mu sahani. Muandike ile tarehe.

Virginie akamupa chumvi. "Niite vile kama unapenda," akasema. "Nilijiita mwenyewe."

"Alikuwa aje, ule Agness?"

"Muoga."

"Alinibeba na nini?"

"Na kitenge. Weye mu mugongo, gunia ku kichwa, mu pori."

"Gunia haukuiacha?"

"Sikuiacha."

Keren akafikiri. "Basi alikuwa Virginie tu," akasema. Mimi nikacheka sana, nikawaza mambo imekwisha. Kuangalia, hakuna mwingine alicheka. Keren akanawa mikono, akaacha bukari yake nusu, akaenda kulala. Lakini toka ile siku alianza kuuliza tena: mvua ilinyesha kweli? Ulilia? Baba alisema nini akiniona? Na Virginie anajibu kila kitu vile ilikuwa, bila kupunguza, hata yenye inamufanya asikie haya. Hadithi yangu ya radi, hakuna muntu anaiomba tena. Mutoto anapoteza.

Abigaïl akakuya. Amezeeka, amenenepa, alifika na kicheko kubwa na karatasi ya kliniki mu kifua. Akiona Keren akamugeuza mbele na nyuma kama nguo ya soko. "Mi njo nilifanya mama yako aseme bongo," akamuambia. "Kama uko na hasira, nipe yangu." Virginie akakataa: "Kinywa ilikuwa yangu, Abigaïl." Balibishana ile mambo mpaka chai ikaisha, kila moja anavuta kosa upande yake, na Keren kati, anabasikiliza.

Abigaïl akaapa ku tribinali na Kibemba yake, muntu akageuza maneno mu Kifaransa. Na siku ya hukumu, sasa hapa mukamate bitambaa, chumba ilijaa mpaka ku madirisha. Nusu ya Kasungami ilikuwa mule. Muamuzi akasimama, akasoma: Keren, alizaliwa Chililabombwe, mutoto ya Sylvain na ya Virginie, ni Mukongomani toka kuzaliwa. Abigaïl akapiga vigelegele, polisi ya ku mulango akapiga saluti. Na Keren akapiga magoti mbele ya bantu bote, akasema na sauti ya kulia, Mama, nimekusamehe, nilikusamehe toka zamani, na Madame muamuzi akatoa miwani juu ya machozi, na mimi nikasogea mbele, nikamupa kitambaa yangu ya hariri, nikamu...

"Yomba." Virginie amesimama nyuma yangu, toka wakati gani sijui, anasoma juu ya bega yangu. "Hariri gani? Weye ulikuwa inje, kwenye bauzishaji ya maandazi, juu muamuzi alikufukuza. Na Keren hakupiga magoti. Alinishika mukono, alafu akauachilia, juu balikuwa banamuita kutia saini. Ile neno ya kusamehe hajaisema. Angali hajaisema. Futa, uandike vile."